Samaki Ambaye Mwalimu Hakumuaga

Mwezi uliopita nilishuka Rumonge na beseni tupu na hamu ya samaki wa mukeke niliyotoka nayo Bujumbura. Gitaza, wanakouza samaki kando ya barabara, niliipita nimesinzia, ndiyo maana sikuona dalili yoyote njiani. Nilipofika ufukweni nikakuta mitumbwi imepinduliwa mchangani, nyavu zimefungwa, na kijana mmoja anacheza karata peke yake. Nikamuuliza samaki wako wapi.

"Mama, ziwa iko mu konje," akanijibu. "Samaki wanazaa. Rudi kisha miezi tatu."

Nilicheka hadi kijana akaacha karata zake. Ziwa zima limepewa likizo kama walimu wa shule! Rafiki yangu, utanielewa nikikwambia kwamba utotoni mwangu mji huu ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeamini kuwa samaki aachwe ajiendee zake, na sote tulimhesabu kuwa kichaa.

Alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tano. Alihamishwa kutoka Bujumbura akaja na fimbo ndefu ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia uzi, na kila Jumamosi alasiri alikwenda kusimama kwenye mawe ya upande wa kusini, suruali kaikunja hadi magotini. Alivua vizuri, hilo hatuwezi kumnyima. Lakini akishamtoa samaki, alimpima kwa rula ya darasani, akaandika urefu wake kwenye daftari, akamuaga, "Orevwa, mzee," kisha akamrudisha majini. Wavuvi waliokuwa wakipita na mitumbwi yao waliacha kupiga makasia ili wamtazame vizuri. Bibi yangu, aliyeishi kwa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, tangu ujana wake, alipoona jambo hilo kwa mara ya kwanza alikaa chini na kuomba maji ya kunywa. "Riziki haichezewi," alisema, na jioni hiyo alisema hivyo kwa kila aliyepita mlangoni.

Sasa sikiliza. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amefikia ule umri ambao majirani huacha kuuliza habari za uchumba na kubaki kukuonea huruma kwa macho. Ndipo akatokea kijana kutoka milima ya Bururi, aliyeshuka kununua mawese. Alirudi tena na tena, akanunua mafuta ambayo mlima mzima usingeyamaliza, hadi hata mimi mtoto nikajua kwamba shida yake si mafuta. Alikuwa ameshasilimu, ingawa tumbo lake lilikuwa bado la milimani. Akatuma habari kwamba Jumapili angekuja na baba yake. Bibi akaapa mbele ya majirani kuwa mkwe hatakula kwake bila samaki mzima, mwenye kichwa na mkia.

Hakutazama mwezi. Wiki ile ulikuwa mpevu, na mwezi ukijaa ziwa zima ni jeupe, taa za wavuvi hazimdanganyi samaki yeyote. Wanaume walikuwa nyumbani wakishona nyavu. Ijumaa bibi alizunguka soko lote na kurudi mikono mitupu. Usiku akafungua redio akaizima. Nilimsikia akimwambia mama mdogo, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mwanangu, wasije wakasema umetoka nyumba ya njaa." Mama mdogo alikuwa analia.

Jumamosi bibi akanitwika beseni. "Nenda ukae karibu na mwalimu. Akitoa samaki mukubwa, umukamate mbele hajamuaga."

Nikaenda. Mwalimu alifurahi, akadhani nimependa elimu. Akanieleza kwamba samaki akiachwa leo atazaa kesho, na kwamba wazungu huvua hivyo kwa kujifurahisha tu. Nilikuwa naitikia "ndiyo, mwalimu" huku nikihesabu wadogo aliokuwa akiwaaga. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jua likaanza kushuka upande wa Kongo. Nikasoma dua zote nilizofundishwa madrasa, hata ile ya kuingia chooni.

Mara fimbo ikapinda. Mwalimu akarudi nyuma, akasonga mbele, akapoteza kiatu, na mwisho akamtoa kuhe mnene, mrefu kuliko mkono wangu. Akampima mara mbili kwa furaha. Alipogeuka kutafuta kalamu, nilimtia kuhe kwenye beseni, nikamfunika kwa kitenge na kukimbia.

Ndugu yangu, hujawahi kukimbia kama hujabeba samaki mzima anayekupiga makofi. Maji yalinimwagikia, kitenge kilipepea, na nyuma yangu mwalimu alikuja na kiatu kimoja akiinua rula juu: "We mutoto! Rudisha! Sijaandika sentimeta!" Wanawake waliokuwa wakiokota mabaki ya ndagala kwenye vichanja walisimama na kunipigia vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Bibi alikuwa mlangoni. Hakunitazama hata kidogo. Alimwendea mwalimu aliyekuwa akihema, akamshika mikono yote miwili, na kumshukuru kwa sauti kubwa majirani wasikie:

"Murakoze cane, mwalimu! Yaani umetuletea zawadi mwenyewe, kwa miguu yako!"

"Mama, mimi huwa nawarudi..."

"Najua, hauuzangi. Ndiyo maana Mungu atakuzidishia. Kesho ukuje tukule wote."

Majirani walikuwa wameshatoka kumshukuru mwalimu kwa ukarimu wake. Alibaki kafungua mdomo, kisha akaufunga na kuuliza chakula ni saa ngapi.

Jumapili kuhe alilala kwenye sinia, akiogelea kwenye mawese, vitunguu na nyanya, pembeni ugali wa muhogo. Harufu yake ilifika msikitini. Baba wa kijana, mzee wa ng'ombe, fimbo magotini, alimtazama samaki kwa muda mrefu. "Hii kitu iko inaniangalia," akasema taratibu. Kisha akauliza kama kuna maharagwe.

Hatukuwa tumefikiria hilo. Sisi watu wa ziwani hatukujua kwamba duniani kuna mtu asiyemtamani kuhe. Bibi aliinamisha kichwa. Mama mdogo, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, alinifinya bega hadi leo nalisikia. Ndipo kijana akanawa mikono, akasema bismillahi, akachukua kipande kikubwa na kukitia mdomoni pamoja na miiba yake yote.

Alikwamwa. Macho yakamtoka, mwalimu akampiga mgongoni, bibi akamsukumia tonge la ugali: "Meza! Usitafune!" Akameza. Akafuta machozi. Kisha, mbele ya baba yake, akanyoosha mkono akachukua kipande cha pili.

"Huyu," bibi akasema, "nimunyime nini?"

Mzee alikula ugali kwa mchuzi, akaomba uongezwe. Mwalimu alikaa kwanza kama yuko matangani, halafu akala mkia wote. Baadaye alihamishiwa Nyanza-Lac, na siku hizi ziwa limepanda, limefunika yale mawe pamoja na ua wa bibi tulikokuwa tukianika. Bibi mwenyewe tulimzika kabla maji hayajafika.

Lakini kinachonirudia zaidi ni asubuhi mama mdogo alipopandishwa gari kwenda Bururi, mahali ambapo hata ukisimama juu ya paa huoni maji. Tuliimba, tukapiga vigelegele, tukapakia gunia la ndagala. Bibi aliimba kuliko sote. Gari lilipokwisha kupotea kwenye mlima, watu wakatawanyika, sisi wawili tukabaki barabarani. Akanishika mkono.

"Mujukuu wangu," akasema, "siku ile ungemuacha tu mwalimu arudishe samaki yake."