Mbinzo za Mama Chini ya Mti wa Libuyu

Nilitoka Bunia kwa sababu ya sahani zilizokuwa zikirudi jikoni zimejaa. Mama alikuwa ameruhusiwa hospitalini, homa imemwachia, lakini chakula hakitaki. Samaki wa ziwani, hapana. Kuku, hapana. Alikuwa amekonda hadi nikaogopa. Siku moja akasema bila kunitazama, "Kama ningepata mbinzo za kwetu, ningekula."

Mbinzo ni viwavi wa msituni, na kwao mama ni mbele ya Mambasa, ambako mdogo wake bado analima. Nilimpigia simu mama mdogo siku hiyo hiyo. Akaniambia niwahi, msimu umefika. Mumewe, baba mdogo, akaidaka simu na kuniagiza chupa ya dawa ya wadudu, maana kakao yake inaliwa.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Tulipita Marabo kungali na ubaridi, na Komanda tukala ndizi za kuchoma. Baada ya hapo majani mafupi yaliisha, msitu ukaanza. Malori ya mbao yalikuja upande wetu, nasi tukayapisha kwenye matope. Namshukuru dereva wangu, hakuniangusha hata mara moja, ingawa alicheka kila nilipofumba macho.

Jioni tulifika. Nikiwa bado namkumbatia mama mdogo, nilisikia matone juu ya majani, nikajifunika kichwa.

"Weye, unajifunika nini?"

"Mvua, mama mudogo."

"Si mvua. Ni mavi ya mbinzo."

Nilitazama juu. Libuyu, mti mrefu kuliko yote pale, ulisimama katikati ya kakao, na viwavi walikuwa wakitafuna majani yake. Basi nikatoa chupa kwenye mfuko kwa furaha, zawadi yangu.

"Nitapiga dawa kesho," alisema baba mdogo. "Kakao yangu inaisha."

"Mbinzo ziko karibu kushuka," mama mdogo akamjibu. "Zitashukia hapo hapo mu kakao. Nipeleke sumu kwa dada yangu mugonjwa?"

"Na siye tutakula nini mwaka huu?"

Alikuwa na haki, nami sikujua pa kuweka macho. Mwishowe baba mdogo aliichukua chupa, akaichomeka juu kwenye paa, akaenda kuoga.

Siku zilizofuata tulingoja. Huko, mbinzo haziangushwi, hungojwa zishuke zenyewe. Mama mdogo alinitembeza. Nyani waliokuwa mitini waliuma matunda na kuyatupa nusu, na chini yao mboloko, paa wadogo wa msituni, waliokota masalio. Kwenye tope kulikuwa na unyayo wa chui aliyewafuata mboloko. Ndege wenye midomo mikubwa walidonoa viwavi libuyuni. Hata yale mavi niliyoyakimbia yalikuwa yakioza mizizini, na mti ukala. Karibu kila mlo niliouona pale ulikuwa umepitia kwa mwingine, na wa mama ulikuwa njiani.

Kila nilipopita kwenye kakao niliona matunda mengine yameharibika. Baba mdogo aliyachuma, akayatupa, hakuigusa chupa.

Asubuhi moja ni yeye aliyetuamsha. Mbinzo zilikuwa zikishuka kwenye shina. Tuliokota mpaka vikapu vikajaa, kisha mama mdogo akanishika mkono. "Basi. Hizi zingine ziingie mu udongo, zitoke vipepeo." Zetu zilichemshwa na kuanikwa juani, na siku ya kuondoka baba mdogo mwenyewe alizifunga kwa majani. Nilimshukuru, akasema niharakishe, mgonjwa anangoja.

Bunia niliingia nimejaa vumbi. Nilizipika kwa kitunguu na mafuta ya mawese, nikaziweka mbele ya mama pamoja na bugali. Hakuanza kula.

"Muliacha zingine?"

"Tuliacha, mama."

Ndipo akanawa. Alikula polepole, na nilipoona sehemu ya chini ya sahani machozi yalinitoka. Nikamweleza habari ya chupa. Akaomba simu.

"Shemeji, aksanti. Kakao iko namna gani?"

Sauti ya baba mdogo ilisikika mpaka nilipokaa. "Iko. Haiko mingi, lakini iko. Weye, ulikula?"

"Nilikula," mama alisema, akanisogezea sahani nimwongeze.