Uyoga wa Mama Huguette Wasubiri Jua

Saa tano asubuhi, komuni ya Annexe, Lubumbashi. Mama Huguette Mwelwa amesimama uani, mikono kiunoni, anagombana na wingu.

"Toka pale! Acha jua ipite, hata kidogo tu!"

Mbele yake kuna nyungo za bowa, kama uyoga unavyoitwa hapa, umelazwa chali. Wingu halina habari.

Uyoga huu humea gizani, katika mifuko ya mabua ya mahindi. Una ergosteroli, kemikali ambayo miale ya jua huigeuza kuwa vitamini D, na vitamini hiyo huusaidia mwili kujenga mifupa. Hayo alifundishwa na Sista Virginie, muuguzi wa nyumba ya wazee. Wengi wa wazee wake hushinda ndani, na mifupa yao inalia.

"Bengine banasema bowa inaponya kila kitu, hata malaria," anacheka Mama Huguette. "Mi nasema hapana! Ni chakula, iko na nguvu yake, basi."

Leo anapeleka huko kilo sita za kwanza, na ameahidi zitakuwa zimeanikwa juani. Ukikubaliwa, atapeleka kila wiki, na ataacha kuzunguka mtaa wa Hewa Bora akiuza, beseni kichwani, kazi aliyoifanya miaka tisa.

Saa sita inapita. Jua, wapi!

"Peleka tu," anamshauri Kiki, jirani yake. "Nani ataona vitamini na macho?"

Ni kweli. Uyoga ulioanikwa na usioanikwa hufanana kama mapacha. Mama Huguette anapakia nyungo kwenye pikipiki.

Mlangoni mwa nyumba ya wazee, Sista Virginie anaanza kushukuru. Mama Huguette anamkatiza, roho mkononi.

"Ma sœur, sitakudanganya. Hii bowa haikuona jua."

Sista anatazama juu, kisha anaangua kicheko. Wingu linapasuka.

"Mama, kwani huku kwetu jua haiko? Leta nyungo!"

Zinapangwa uani. Lo, kuku! Kundi zima linakuja mbio. Sista anaita wazee waje kulinda, nao wanatoka kwa fimbo na viti vya magurudumu. Papa Stanislas, mstaafu wa reli ambaye hajatoka nje tangu mvua zianze, anakunja mikono ya shati na kumtisha jogoo kwa fimbo. Ua mzima unacheka.

"Ngozi yao nayo inatengeneza vitamini ileile," Sista ananong'ona. "Nimewabembeleza watoke mpaka nimechoka!"

Papo hapo anaagiza uyoga wa kila wiki, mbichi, usioanikwa. Mama Huguette anapiga kigelegele.

"Nitajenga kibanda cha pili," anasema, machozi ya furaha yakimtoka. "Mi nitalima mu giza. Jua, ba papa batashugulikia."

Papa Stanislas amefumba macho, uso ameuelekeza juani.

"Wiki ingine ulete mingi, mama," anasema. "Hii bowa imeshaiva na jua. Siye bado."