Kaburi la Mguu

Mama yangu alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti, kwa sababu ya kisukari. Ilikuwa hapa Dodoma mjini, asubuhi ya siku ya kazi, na nataja siku ya kazi kwa sababu nilikuwa na haraka. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji alinishika kiganja, akaniambia nisiuache mguu wake. Niupeleke nyumbani Mpwapwa, niuzike kando ya baba, pale alipojiwekea nafasi yake mwenyewe. Nikamjibu sawa mama, kama ninavyomjibu mtu anayeniagiza chumvi.

Mama hakuwa na mzaha katika mambo ya kiyama. Kanisani, wakati wa kukiri imani, alisema kwa sauti ya kawaida mpaka tulipofika kwenye ufufuo wa mwili. Hapo aliikaza sauti hadi wanakwaya wakageuka. Kwake haikuwa roho tu itakayorudi. Ni magoti, ni meno, ni mikono iliyopalilia karanga. Ndiyo maana makaburi ya kwetu yote yamelala namna moja, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku hiyo mtu akiinuka awe tayari ameelekea anakotokea Bwana. Niliyasikia hayo tangu utotoni, na ukubwani nikayaweka kwenye fungu la mambo ya wazee, yale tunayoyaheshimu bila kuyafuata.

Upasuaji ulipokwisha, muuguzi alitoka na karatasi. Akaniuliza kwa upole kama ndugu tutauchukua mguu au hospitali iuteketeze. Papo hapo nikajiona ndani ya basi la Mpwapwa, mguu wa mama yangu umo kwenye ndoo, na abiria wa jirani anauliza nimebeba nini. Niliona aibu. Kazi yangu ni mafaili ofisini, na kusaini kwangu ni jambo la kila saa. Nikasaini.

Siku ya tatu, homa iliposhuka, aliuliza. Nikamwambia nimeuzika kando ya baba. Alimshukuru Mungu, akanishukuru na mimi, akapata usingizi mzuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi miwili.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mpwapwa peke yangu. Nikamwamkia baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye anayelitunza lile eneo la makaburi. Nikamwambia nimeuleta mguu, umo begini, na kwamba nataka niuzike mwenyewe. Akaniazima jembe, akakaa mbali kwa heshima. Nilikwangua udongo, nikainua kituta chenye urefu wa mkono wangu, nikapanga mawe juu yake. Nilitoka jasho jingi, nikajidanganya hata mwenyewe kwamba nimefanya jambo.

Mama alipoweza kutembea kwa magongo hakutaka kwenda popote isipokuwa huko. Tulikodi gari kutoka Nkuhungu, ninakoishi. Njia nzima alikuwa mchangamfu, akimtania dereva kwamba yeye anazikwa kwa awamu, kama barabara za serikali. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Baba mdogo alimletea kiti. Mama akakaa, akakitazama kile kituta kwa muda, kisha akauliza mbona kimelala kaskazini kwa kusini. Sikumwelewa. Akanionyesha kwa gongo kaburi la baba, akanionyesha na mengine, yote miguu mashariki, ila mguu wake peke yake umekingama. Ni kweli. Nilipokuwa nainua ule udongo sikufikiria mwelekeo wowote, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuelekezwa.

Hakukasirika. Alisema ni kosa la haraka, nalo linarekebishika. Akamwomba baba mdogo afukue taratibu, augeuze mguu, vidole vitazame mashariki, hata kama imebaki mifupa mitupu.

"Usijali, shemeji," baba mdogo akasema, akachukua jembe.

Jembe lilipoingia mara ya pili nilishindwa. "Baba mdogo, acha," nikasema. "Humo hamna kitu."

Nikaeleza yote: karatasi, basi, ndoo, aibu. Baba mdogo aliliweka jembe chini polepole, akaenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Mama akawa anachorachora udongo kwa ncha ya gongo. Utulivu wake ulinitesa, na mimi nikiteswa huwa nahubiri. Nikamwambia Mungu hashindwi na majivu. Waliokufa kwa moto, waliopotea majini, wote atawafufua wakiwa kamili, sembuse yeye aliyepungua mguu mmoja.

"Najua," akasema. "Kwa Mungu sina wasiwasi. Yeye ndiye anayeotesha. Lakini hujaniona hata siku moja nikitupa mbegu jalalani."

Kisha akanitazama usoni. "Siku yangu ikifika, utanizika, au utasaini?"

Nilisema nitamzika. Aliitikia kwa kichwa, na nikajua kwamba amenisikia, ila kuniamini bado. Iliniuma, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Aliishi miaka miwili zaidi, nyumbani kwangu. Tulikula pamoja, tukasali pamoja, na habari ya mguu hatukuirudia. Kigutu chake alikiosha mwenyewe bafuni, mlango ukiwa umefungwa. Sikuwahi kukigusa, wala sikuwahi kuomba.

Alipofariki, akina mama wa kanisa walikuja na beseni na sabuni. Wakaniambia nikae mkekani na wafiwa wengine, wao watamwosha, maana mtoto huwa hawezi. Nikakataa. Walisihi, na mmoja akanishika bega anirudishe, lakini nilivua saa, nikakunja mikono ya gauni, nikaingia chumbani pamoja nao. Nikapiga magoti na kukifunua kigutu kile. Kilikuwa na kovu jembamba la kukingama, na ngozi laini kuliko nilivyotarajia. Nililia, sikuficha. Nikakiosha polepole, mara mbili, kwa sababu hapo ndipo mguu utakapoungia.