Kifaransa cha Kumwambia Mpiga Violoni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba mambo ya violoni huzungumzwa kwa Kifaransa tu. Nilijifundisha peke yangu, kwa violoni iliyoachwa kwetu Makobola na mwalimu Mzungu aliyekimbia wakati wa uhuru, na sikuwa na mtu wa kuniambia kama vidole vyangu viko sawa.

Waasi walioshika eneo letu miaka iliyofuata uhuru walipoondoka na barabara kufunguliwa, mpiga violoni maarufu alivuka kutoka Burundi, akapiga katika ukumbi wa parokia, Uvira. Nilitembea hadi huko nikirudia kwa Kifaransa swali langu, kama vidole vyangu viko sawa. Kila sauti safi ya violoni yake ilinionyesha nilivyo nyuma, ikanichosha kuliko barabara.

Alipomaliza nilimngoja mlangoni. Akatoka, akaona shingoni mwangu alama ambayo violoni humwachia mpigaji.

“Na weye unapiga?” akauliza, kwa Kiswahili chetu kabisa.

Swali langu likanipotea. Nikatafuta Kifaransa, nisikipate.

“Huyu iko bubu,” dereva wake akacheka. “Twende, mzee, bariyeri ya askari barabarani itafungwa.”

Wakaenda.

Bado najifundisha peke yangu. Siku hizi mtu akiniuliza, namjibu kwa Kiswahili: miye napiga, lakini vidole sijui kama viko sawa.