Mwezi Uliompigia Chifu Makofi

Wasee, mwezi ulijibu! Mwezi wenyewe, ule wa juu! Hapa Munyaka, Eldoret, mwaka wa themanini na sita!

Aliyeuita ni Mwalimu Chepkorir wa fizikia. Nyuma ya nyumba alikuwa amesimamisha antena kubwa kushinda nyumba yenyewe, arushe mlio wa redio ugonge mwezi, urudi. Njiani ile hewa ya juu kabisa huusokota mlio, kwa hivyo ukirudi umelegea, hausikiki, unajua hewa iko aje huko. Alijaribu miezi mingi, mwezi kimya, kama mdosi mwenye deni.

Ruhusa ya serikali alikuwa nayo. Ya jirani ndio hakuwa nayo, na enzi za chama kimoja jirani alikuwa serikali kuliko serikali. Jirani huyo, Mama Mwihaki, kwa upendo wake mwingi, akaripoti kwa chifu kwamba mwalimu anaongea na wapinzani ng'ambo. Jioni hiyo Chifu Gichuru akaingia na vijana wa chama na msumeno.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

"Na mwezi, Mzee."

"Mwezi, na jua liko?" Vijana wakacheka mpaka wakashikana.

Chepkorir akaonyesha juu. Mwezi ulikuwa hapo, mweupe pe, tangu mchana. Hao werevu hawakuwa wameangalia.

"Hata kama. Kateni!"

Chepkorir akasimama mbele ya msumeno. "Mzee, kiongozi mzima upite bila kuusalimia mwezi?"

Hapo sasa! Chifu gani hukataa kusalimia? Akavua kofia, akashika swichi ya redio, akagonga mdundo wa makofi ya kilo, yale ya kumsifu mkubwa barazani. Wakangoja. Kwa spika, hafifu lakini safi: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa!

Chepkorir akaziba mdomo, machozi yakitoka. Mlio wake umerudi!

Chifu naye akavimba. "Mmesikia? Umenipigia makofi!"

Akarudia na kurudia, mpaka makofi yakaanza kufifia.

"Nani huyo anapunguza makofi yangu?"

"Ni hewa ya juu, Mzee. Ilikuwa imetulia kidogo, sasa inayasokota tena."

"Hewa hiyo ichunguzwe! Mwalimu, uifuate kila siku, uniletee habari. Na nyinyi, mtu asiguse hiyo antena!"

Vijana wakarudi na msumeno wao. Chepkorir akavuta kiti karibu na spika, akaanza kazi aliyoamriwa, maskini.

Tafadhali, mtumie mwenzako naye asome.