Sufuria ya Mama na Jina Langu

Baba yangu alikuwa mtia bati. Kila nyumba ya mtaa wetu wa Kuze iliyokuwa na sufuria za shaba ilimletea yeye, maana shaba ikibaki tupu ndani hukitia chakula sumu. Akizisugua, akizipasha moto, kisha akizipaka bati lililoyeyuka mpaka uweze kujitizama uso. Kazi yenyewe aliifanyia chumbani, mlango umefungwa, asije mtu akamwibia ufundi. Moshi wote akauvuta yeye.

Mwaka niliochumbiwa, katikati ya miaka ya sitini, akaanza kusahau. Kofia i kichwani, naye aitafuta. Sisi tulikuwa mabinti watupu, na akitaka kuniita mimi, kitinda mimba, alianza na dada mkubwa akateremka nasi mmoja mmoja, na pengine asinifikie. Dada zangu wakicheka. Mimi nilikuwa na hofu, wallahi! Siku ya nikaha ni yeye atakayemshika bwana harusi mkono amwambie, "Nimekuoza binti yangu fulani." Je, akimtaja dada, mwenye mume na watoto? Watu wakamshauri amwachie kadhi maneno hayo. Akawaka moto.

"Ebo! Mwana nimzae mimi, aje aozwe na mtu mwingine?"

Mama akasema ni ule moshi tu, madini yamempanda kichwani, naye atayashusha. Akenda sokoni Marikiti, akarudi na manjano mabichi, kitunguu saumu, tangawizi, habasoda na ukwaju. Akavichemsha katika sufuria yake ya heshima, ile ya shaba aliyoletwa nayo harusini, kwani dawa ya mumewe haiwezi kupikwa katika chombo cha ovyo. Vikalala humo hadi asubuhi, Baba akapewa kikombe. Alikunywa huku amekunja uso na kulalama. Majuma yakapita, kusahau kuko pale pale, na sasa tumbo nalo lamsokota.

Aliyegundua ni somo yangu, bibi aliyekuja kunifunda mambo ya unyumba, mtu asiyeweza kupita jikoni bila kuonja. Akaonja, akatema.

"Aka! Mbona dawa ina ladha ya senti?"

Akaimwaga, akaipeleka sufuria penye mwanga wa dirisha. Ndani nyekundu, na ukingoni imefanya kutu ya kijani. Bati lilikuwa limekwisha zamani. Mke wa mtia bati, jamani! Na ukwaju ndio tuliokuwa tukisugulia shaba ing'are, kwa hivyo kila usiku ulikuwa ukiila ile sufuria, na asubuhi Baba akiinywa.

"Nilikwambia uitie bati," Mama akafoka, "tangu mwana huyu hajaota meno!"

"Nilisahau," Baba akasema, na tukacheka mpaka yeye mwenyewe akashika ukuta.

Jioni ile akaitia bati nje barazani, kwenye upepo, na Mama akamwapia kwamba hatafanya kazi chumbani tena. Dawa ikahamia kwenye chungu cha udongo. Tumbo likapoa. Kichwa, Mungu ndiye ajuaye. Mjukuu wangu msomi aniambia wataalamu wayachunguza manjano na kitunguu saumu, kama kweli vyaukinga ubongo na sumu ya madini, na bado hawajakata shauri. Mama alikwisha kukata lake.

Nikaha ilisomwa alasiri, katika msikiti uliokuwa ng'ambo ya kichochoro chetu. Nilikaa ghorofani nyuma ya dirisha, hina mikononi, somo kando yangu. Nikamsikia Baba. "Nimekuoza binti yangu..." Akanyamaza. Somo akanishika goti. Baba akakohoa, kisha akalitaja jina langu, na lake, na la babu yangu, wazi, bila kuteleza. Dada zangu wakapiga vigelegele, nami nikalia wanja wote ukanitiririka.

Baadaye akapanda ngazi kuja kunitizama. Akasimama mlangoni, jasho jembamba usoni, amejaa furaha, akaniita kwa jina la dada mkubwa. Akatikisa kichwa, akaniita kwa jina la dada wa pili. Akafungua mdomo tena, machozi yakimlengalenga.

"Labeka, Baba," nikamwitikia.

Akaja akaketi karibu yangu.