Mtoboa Mayai wa Maabara

Mtoboa mayai wa maabara ile ya Bengaluru hupulizia viganja vyake kwanza, akavisugua mpaka vipate moto, ndipo aguse yai. Hulimulika, hutia alama ya penseli pale alipolala kifaranga, kisha hukata kidirisha kwenye ganda bila kumwaga hata tone, huku akinong'ona kwa Kikannada, "Niwie radhi, mdogo wangu." Miaka kumi na mmoja amewatayarishia watafiti mayai, na hajawahi kuchungulia hadubini. Husema hiyo ni kazi ya waliosoma.

Asubuhi ile Malavika, mtafiti, alibakiwa na kisahani kimoja tu cha chembe hai za kifaranga. Chembe za visahani vingine vyote zilikuwa zimekufa. Ndani yake uzi wa neva ulikuwa umeanza kukua, na kushoto kwake aliweka kipande cha nyama kinachotoa kemikali, aone kama uzi utaifuata. Tangu alfajiri ulikuwa umeduwaa. Macho yalimwuma, machozi yakamlengalenga.

"Kaka, niangalizie. Mimi siwezi tena," akamwambia mtoboa mayai.

"Mimi? Nitaona nini, dada?"

"Ncha yake. Iko kama kiganja kidogo."

Akainamia hadubini. Nusu saa ikapita, pangaboi likizunguka juu yao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mezani. Vidole vikaanza kufunguka, vikapapasa, vikarudi nyuma, vikapapasa tena. Mwenyewe hakuwa na habari navyo. Malavika alivikodolea macho, pumzi ameibana. Taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini, mkono ukageukia kushoto, upande wa kile kipande cha nyama.